Ala chini ya mtutu haitoshi: bastola ya picha ya mzee na bastola ya Texas

SWALI: Asalaam aleikum, Maalim. Nyumbani kwetu Kibokoni tuna picha ya baba wa babu yetu, alipigwa akiwa katika kikosi cha Waarabu cha Wavell, ofisa wa Kiingereza, wakati wa Vita Vikuu vya kwanza. Ubavuni mwake amesimama ofisa Mzungu, ameshika bastola ya silinda kifuani. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino: Mombasa, 1915. Sasa binamu yangu anayeishi Texas amepata mtu anayeuza Smith & Wesson ya kale. Muuzaji alipoonyeshwa picha yetu akasema ndiyo bastola ile ile, aina ya Triple Lock, kwa kuwa zote mbili zina ala ya chuma chini ya mtutu. Bei aliyotaja si ya mchezo. Nimekutumia picha ya mzee pamoja na picha nne za bastola ya huko. Je, ala hiyo ndiyo alama ya Triple Lock? Na ni kweli bastola hizi ni za aina moja?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: la, na la tena. Ala peke yake haithibitishi Triple Lock, na bastola ya Texas haina udugu wowote na ile iliyo mkononi mwa ofisa. Lakini mwambie binamu yako asikimbie bado. Kile anachouziwa huenda ni adimu kuliko muuzaji mwenyewe anavyodhani.

Tutazame kwanza ala ni ya kazi gani. Kwenye rivolva za namna hii silinda hutoka nje kwa ubavu, upande wa kushoto. Ukiisukuma kwa kidole ile fimbo iliyo katikati, nyota ya chuma iliyo nyuma ya silinda huyainua maganda yote sita kwa mpigo mmoja. Silinda ikirudishwa ndani, fimbo hiyo hulala chini ya mtutu. Ikiwa iko wazi, bastola ikianguka kwenye saruji fimbo hupinda, na ikipinda hata kidogo silinda huanza kukwama, pengine isifunguke kabisa. Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts, walipotoa bastola yao kubwa ya .44 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi) mwaka 1908, fimbo hiyo waliijengea nyumba. Waliichonga pamoja na mtutu, chuma kimoja, kuanzia mbele ya fremu hadi kwenye ncha ya fimbo. Hiyo ndiyo ala mnayoizungumzia.

Hapa ndipo muuzaji alipochanganya mambo. Jina la Triple Lock halikutokana na ala, lilitokana na makomeo. Silinda ya bastola ile ilikuwa ikishikwa pahali patatu: nyuma, inapogusana na fremu, mbele, kwenye ncha ya fimbo, na pale mkono unaoibeba silinda unapoingia kwenye fremu, chini ya mzizi wa mtutu. Komeo hilo la tatu ndilo lililoipa sifa. Kiwanda kiliiita New Century, wakusanyaji huiita First Model, na za .44 zilitengenezwa elfu 15 na ushei mpaka 1915. Kwa maoni yangu komeo lile ni ufundi mtamu ambao hakuna aliyeuhitaji. Fremu hiyo hiyo ilikuja kubeba risasi ya .357 Magnum mwaka 1935 na ya .44 Magnum miaka ishirini baadaye, zote mbili kali kupita kiasi, na komeo la tatu halikurudishwa. Lakini wakusanyaji hawanunui haja, wananunua ufundi, na ndiyo sababu bei yake iko juu.

Vita vilipoanza 1914, Uingereza ilikuta viwanda vyake haviwezi kutoa bastola kwa kasi iliyotakiwa, ikaagiza Marekani, kwa Colt na kwa Smith & Wesson. Hawa wa Springfield walitoa kwanza bastola za Triple Lock zilizotobolewa kwa risasi ya Kiingereza ya .455, elfu 5 hivi, nazo zilikuwa na ala. Malalamiko yakaja kwamba kwenye mahandaki ya Ulaya tope linajaza ndani ya ile nyumba ya fimbo na silinda haifungi tena. Kilichofuata mwaka 1915 ni Second Model: ala imeondolewa, komeo la tatu limeondolewa, bei imeshuka dola 2. Chini ya mtutu kilibaki kijiti kifupi tu cha chuma, kinachopokea ncha ya fimbo kwa mbele. Kwa jumla Uingereza na wenzake walichukua za .455 zaidi ya elfu 70, kwa hiyo ukikutana na Smith & Wesson kubwa yenye historia ya jeshi la Kiingereza, mara nyingi itakuwa haina ala. Marekani ilipoingia vitani ilichukua umbo hilo hilo lisilo na ala, kwa risasi ya .45 ya bastola ya otomatiki. Hiyo ndiyo Model 1917, ambayo chini ya mtutu wake husomeka UNITED STATES PROPERTY.

Baada ya vita wanunuzi wa Texas hawakuridhika. Wao hawakuwa na tope la mahandaki, walikuwa na farasi na magari, na fimbo iliyo wazi iliwaudhi. Wafanyabiashara wa Fort Worth, Wolf & Klar, wakakiomba kiwanda kirudishe ala, na mwaka 1926 ikarudi. Bastola hiyo ni Third Model. Ina ala kama ya First Model, kwa macho ya haraka huwezi kuzitenga, lakini ina makomeo mawili tu.

Kwa hiyo ukiona ala kwenye Smith & Wesson kubwa ya zama hizo, umepata swali bado, hujapata jibu. Inaweza kuwa First Model ya 1908 hadi 1915. Inaweza kuwa Third Model ya 1926 na kuendelea. Na kuna uwezekano wa tatu ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Mtutu hufungwa kwenye fremu kwa nyuzi za skrubu, na ala huenda na mtutu. Fundi mwenye vyombo vyake anaweza kuung'oa mtutu wa Second Model, akaufunga wenye ala, na asubuhi una kitu kinachofanana na cha bei. Ndiyo maana mimi huanza na fremu. Mtutu nautazama mwisho.

Sasa picha za Texas. Kati ya zile nne, iliyo na maana ni ya pili, ile ambayo silinda iko nje. Ikuze, utazame pembe ambapo nyuma ya ala inakutana na fremu. Kwenye Triple Lock pangekuwa na kipande kidogo cha chuma kigumu kinachochungulia kutoka nyuma ya ala, na kwenye mkono wa silinda pangekuwa na mkato wa kukipokea. Hapa pote ni laini. Hakuna kipande wala mkato, na chuma hakionyeshi dalili ya tundu lililozibwa. Kwa hilo tu First Model tumeshaitoa.

Inabaki kujua kama ni Third Model halali au Second Model iliyovishwa mtutu wa mwingine, na hapa namba ndizo mashahidi. Smith & Wesson walikuwa wakigonga namba ile ile ya silaha pahali kadhaa: chini ya kitako, uso wa nyuma wa silinda, na upande wa chini wa mtutu, ambao kwenye bastola zenye ala unauona ndani ya mfereji wa fimbo silinda ikiwa wazi. Picha ya nne inaonyesha kitako, namba inasomeka vizuri. Kwenye picha ya pili namba ya ndani ya ala inasomeka pia, ingawa tarakimu ya mwisho imemezwa na kivuli, na zinazoonekana zinalingana na za kitako. Binamu yako adai picha mbili zaidi: moja ya mfereji wa ala kwa mwanga wa kutoka mbele ya mtutu, nyingine ya uso wa nyuma wa silinda. Namba zote tatu zikiwa moja, ana Third Model kamili. Ya mtutu ikitofautiana, au ikawa imesuguliwa isisomeke, basi aachane na mazungumzo ya ala na apatane bei ya bastola iliyounganishwa vipande.

Ubavuni mwa mtutu pameandikwa 44 S & W SPECIAL CTG, yaani inatumia risasi ya .44 Special. Hilo nalo linaitenga na ofisa wetu. Ofisa wa Kiingereza aliruhusiwa kujinunulia bastola yake mwenyewe, na wengi walifanya hivyo, lakini ilitakiwa itumie risasi ya serikali ya .455, ile inayopatikana kwenye masanduku ya jeshi.

Jambo moja kuhusu rangi. Muuzaji anasema rangi ni ya kiwandani. Tazama nyundo na kifyatulio kwenye picha ya kwanza: vina madoa yale ya kijivu, kahawia na samawati yanayotokana na kuungua kwa chuma ili kigumu. Hiyo ni dalili njema, kwa maana kiwanda kilikuwa kikiviacha vivyo hivyo hata bastola yenyewe ilipopakwa nikeli. Bastola ikipelekwa kupakwa upya, mara nyingi fundi huvitumbukiza vyote pamoja, vikatoka na bluu ya mwili mzima. Dalili nyingine ni kingo za herufi. Herufi za mtutu huu zina kingo kali, wala tundu za skrubu hazijaliwa na brashi ya kung'arishia. Mimi ningemwamini kwa hili la rangi.

Tuje nyumbani, kwenye picha ya mzee. Nimeitazama kwa kioo na kwa kompyuta. Muuzaji aliona chuma kinene chini ya mtutu akakiita ala. Nacho ni kinene kweli, lakini tazama kinavyokwenda: karibu na fremu kimejaa, kikielekea mbele kinapungua hadi kuishia bure. Ala ya Smith & Wesson haipungui hivyo. Inakwenda sawa sawa na kukatika ghafla kwenye ncha ya fimbo. Mbele kidogo ya silinda, ubavuni, kuna bawa dogo la chuma lenye ncha kwa mbele, linaloizuia silinda isikwame kwenye ukingo wa mfuko wa ngozi bastola inaporudishwa. Na juu ya kidole gumba cha ofisa, kando ya nyundo, pana mkono wa komeo. Hii ni Webley, iliyotengenezwa Birmingham. Webley haina fimbo ya kulala chini ya mtutu. Unabonyeza komeo kwa kidole gumba, bastola inakatika katikati, mtutu unainama, na maganda yanarushwa yenyewe. Kile chuma kinene ulichokiona ni bawaba ya kuinamia na mwili wake. Bastola isiyo na fimbo haina haja ya ala.

Kitako kinaonekana chote, kimepinda kama mdomo wa ndege, na chini yake inaning'inia pete ya kamba. Webley Mark VI, yaani toleo la sita, ile maarufu iliyopokelewa na jeshi Mei 1915, ina kitako cha mraba na mtutu wa inchi 6. Huu wa ofisa ni mfupi, wa kiasi cha inchi 4. Kwa hiyo ni moja ya zile za kabla ya Mark VI, na hilo linapatana na tarehe ya nyuma ya picha. Wavell mwenyewe aliuawa Mwele, upande wa Kwale, Januari 1916, na kumbukumbu yake na ya watu wake iko pale karibu na Ngomeni (Fort Jesus), kila siku watu hupita mbele yake wakienda kukata tiketi. Picha ya askari wa kikosi chake ya 1915 ni kitu cha thamani hata kama ofisa angeshika kirungu. Ipige skani, ihifadhi nakala pahali pawili, wala usiitume tena kwa wauzaji. Picha ya namna hiyo ikishaambatanishwa na tangazo la kuuza bastola, baada ya miaka kumi utaikuta imekuwa ushahidi wa hadithi isiyokuwa yenu.

Na hata kama ile ya picha ingekuwa Smith & Wesson yenye ala, tarehe ingetosha kumkatalia muuzaji. Mwaka 1915 Third Model ilikuwa haijazaliwa.

Kwa kuwa binamu yako ameanza kuonja utamu wa vitu hivi, atakutana na ala za aina nyingine, na sheria ya Smith & Wesson asiihamishie kila pahali. Colt kwa miaka mingi waliiacha fimbo ikining'inia bila kushikwa kwa mbele. Detective Special yao, iliyoanza 1927, ilipata ala mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo hapo ala ni alama nzuri ya umri. Colt Python ya 1955 ina chuma kizima chini ya mtutu mpaka mdomoni, pamoja na mbavu yenye matundu juu. Umbo hilo limeigwa sana, nao Smith & Wesson wenyewe waliliiga kwenye Model 586 na 686. Kuitenga Colt na Smith & Wesson ni rahisi hata kwenye picha mbaya: kitufe cha kufungulia silinda cha Colt huvutwa nyuma, cha Smith & Wesson husukumwa mbele, na maumbo yao hayafanani.

Dan Wesson ni kisa cha peke yake. Mwanzilishi wake, kitukuu wa yule Wesson wa Smith & Wesson, alifungua kampuni yake 1968 huko Monson, Massachusetts. Kwao mtutu ni bomba jembamba, na ala ni ganda la nje linalovishwa juu yake na kukazwa kwa nati mdomoni. Mwenyewe hubadilisha nyumbani: ala nyepesi, ala nzito, yenye matundu juu au isiyo nayo, mtutu wa inchi 2 na nusu au wa inchi 8. Waliuza hata masanduku yenye bastola moja na mitutu kadhaa, yakiitwa Pistol Pac. Kwenye Dan Wesson, basi, kumuuliza muuzaji kama ala ni ya asili ni kazi bure, kwa maana ilitengenezwa ibadilishwe. Muulize kama sanduku, funguo ya nati na kile kibati cha kupimia nafasi kati ya mtutu na silinda vipo.

Kuhusu bei. Third Model za kabla ya Vita vya pili hazikuzidi sana elfu 5, chini ya nusu ya Triple Lock. Muuzaji ameipa bastola yake jina la nyingine iliyotengenezwa kwa wingi zaidi, kwa sababu jina hilo lina mvuto. Binamu yako asimzomee. Amwambie tu kwamba anainunua kama Third Model, namba zikilingana, na kwamba hadithi ya Afrika Mashariki haimo katika bei. Kisha aombe barua ya kiwanda kutoka Smith & Wesson Historical Foundation. Kwa ada, wao hutafuta namba kwenye daftari za zamani na kueleza bastola ilitumwa lini na kwa duka gani. Barua ikisema Fort Worth, hapo nitafurahi naye. Akikutana siku nyingine na ile ya .455, atazame nyuma ya silinda kabla ya yote: nyingi zilichongwa baada ya vita zikubali risasi za .45, na iliyochongwa hairudi kuwa ya asili. Zile zilizouzwa kupitia Uingereza kati ya miaka ya 1920 na 1950 mara nyingi zina muhuri wa NOT ENGLISH MAKE, nao si kasoro, ni cheti cha safari yake.

Mambo ya sheria, kwa ufupi. Huko Marekani sheria ya serikali kuu huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa 1898 au kabla. Hii ni ya 1926 na baadaye, kwa hiyo ni silaha kama silaha nyingine na ataifuata sheria ya kwao. Huku kwetu asithubutu kukuletea bastola hiyo, hata kama ni ya kuning'iniza ukutani pamoja na picha ya mzee. Silaha Kenya ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vibali hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, si na udugu. Na kwa kuwa umesema nyumba yenu ya Kibokoni ina makasha ya mzee ambayo hayajafunguliwa: ikitokea ndani yake kuna Webley kweli, usiishike, usiipake mafuta, usiifungue kuona namba. Funga kasha, wajulishe polisi waje waichukue wenyewe. Ukiwa na picha waliyoipiga wao, nitumie, nitakuambia ni Mark gani.